Nani Alipunguza Mwendo

Kusini kidogo ya Minjila, barabara ya Malindi inakatiza malka. Malka ni njia ya mifugo kwenda mtoni, na hii ninayoisema ni ya zamani kuliko lami, kuliko kizuizi cha polisi, kuliko mimi na babu yangu tukiwekwa pamoja. Ng'ombe hutoka nyikani upande wa magharibi, wakavuka barabara, wakateremka kwenye tambarare la mto, wakanywa, wakarudi kabla ya giza. Lami ilikuja ikajilaza katikati ya safari yao na hakuna aliyewauliza. Ikabidi watu watafute namna ya kuishi nayo. Waliipata, na ikadumu miaka mingi bila mtu kuiandika popote.

Namna yenyewe ni hii. Mchungaji anatangulia peke yake hadi ukingoni mwa lami. Hashughuliki na taa, na honi kwake ni kelele za mtu asiye na adabu. Anachosikiliza ni injini. Dereva akimwona, anaondoa mguu kwenye mafuta, anarudisha gia moja chini, na lori linashusha sauti. Hiyo ndiyo ruhusa. Mchungaji anaingia barabarani, anainua fimbo, kisha anafanya jambo linalowashangaza wageni: anageuka. Anakupa mgongo, anawatazama ng'ombe wake na kuwaita, na hakutazami tena mpaka wa mwisho apite. Wewe dereva unainua mkono juu ya usukani, hata kama haoni, na unangoja.

Dereva aliyeshusha sauti halafu akaongeza mafuta hana heshima kwetu. Katika maisha yangu yote nilimjua mmoja tu wa aina hiyo, na watu wa Garsen walimsusa hata akaomba kupangiwa njia nyingine.

Ule mgongo ulikuwa na uzito wake. Mimi ni mtu wa mto. Kwetu ni migomba, mahindi na maembe, na Jumapili kanisani. Wao ni watu wa ng'ombe na msikiti. Kuna miaka watu wetu na watu wao hawakusalimiana, na yalitokea mengine ambayo sitayaandika hapa. Kwa hiyo mtu wa kwao akimpa mgongo mtu wa kwetu, na huyo wa kwetu amekalia chuma chenye magurudumu kumi na manane, si jambo la kupuuzwa. Nilijifunza udereva kwenye lori bovu la kubeba ndizi, na kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kurudi nyuma, kilikuwa kushusha sauti pale malkani.

Mchungaji wa malka ile alikuwa rafiki yangu. Mama yake alikuwa akimletea mama yangu maziwa, na mama yangu alimpa mahindi; hakuna aliyepima. Hata katika ile miaka mibaya mama yake alikuja mpaka kwenye migomba yetu, akaweka kibuyu chini, akaondoka bila kusema kitu. Sisi watoto wao tukarithi urafiki kama watu wanavyorithi shamba. Yeye alikuwa mrefu, mkavu, mwenye dharau ya kufurahisha kwa kila kitu kisichokula majani. Mimi nilikuwa na mdomo. Tulielewana.

Kisha nikaajiriwa na kampuni moja iliyokuwa ikipeleka kokoto na saruji kwenye mradi huko juu pwani. Malori yalikuwa mapya, meupe, na yalikuwa na kitu. Tulifundishwa siku mbili na kijana kutoka Nairobi ambaye viatu vyake havikupata vumbi hata kidogo, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Alituonyesha jicho lililofichwa mbele, chini ya kioo. Unachagua mwendo, unabonyeza, unaondoa mguu. Jicho linalitazama gari lililo mbele. Likipunguza, lori lako linapunguza lenyewe na kuacha nafasi ile ile. Likiondoka mbele yako, lori linarudi lenyewe kwenye mwendo uliouchagua. Wewe unashika usukani tu.

"Na nikiona ng'ombe?" niliuliza.

"Likiona kitu mbele litasimama," akasema. "Hii kitu iko na akili kukushinda, mzee."

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa sikupenda kuitwa mzee.

Nitasema ukweli: niliipenda. Mgongo uliacha kuniuma. Goti la kulia, lililokuwa likilia kila jioni, likanyamaza. Tulikwenda malori manne, wakati mwingine sita, nafasi sawa kati ya kila moja, hakuna wa kukimbilia mwenzake na hakuna wa kufunga breki ghafla. Magari mengine yaliyotufuata yalijikuta yakienda hivyo hivyo, maana yangefanya nini? Baada ya muda zikaja kampuni nyingine na malori ya namna hiyo, na magari madogo ya watu wakubwa yenye jicho lao. Ile barabara niliyoijua kwa fujo yake, ya kupitana kwa hasira na kutukanana dirishani, ikatulia. Ikawa inatiririka kama maji ya mfereji wa mashamba kule Bura. Ofisini walifurahi, na mimi nilirudi nyumbani kabla chakula hakijapoa.

Rafiki yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunung'unika. Nilimkuta Garsen siku ya mnada wa mifugo, akinunua dawa ya kupe.

"Barabara yenu siku hizi haina mlango," aliniambia.

"Mlango gani tena?"

"Zamani gari moja nakwenda pole, gari nyingine yote nakaa nyuma yake, kelele, kelele. Halafu nyuma yao hapana gari. Kimya. Huo ndio mlango. Mimi napitisha ng'ombe. Sasa moja nakuja, nyingine nakuja, nyingine nakuja. Sawa sawa. Mlango iko wapi?"

Nilimtania. Nilimwambia ng'ombe wake wajifunze kuhesabu. Alicheka kidogo, lakini nilipokuwa nikiendesha siku iliyofuata nilitazama, nikaona maneno yake ni kweli tupu. Fujo yetu ya zamani ndiyo iliyokuwa ikimfungulia. Dereva mzembe, dereva mwoga, lori lenye injini mbovu, hao ndio waliokuwa wakiacha nafasi kubwa nyuma yao. Sasa kila nafasi ilikuwa fupi na kila nafasi ilikuwa sawa, na hakuna iliyomtosha mtu mwenye ng'ombe themanini. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Nilimwona amesimama ukingoni, fimbo begani, na nyuma yake ng'ombe wamenyoosha shingo kuelekea upande wa mto kwa sababu walikuwa wanasikia harufu ya maji. Nilipita. Saa mbili baadaye nilirudi, na alikuwa bado pale.

Niliongea na msimamizi wetu. Si kwamba sikuongea. Nilimwambia kuna mahali pa mifugo ambapo tungezima kile kitu na kuendesha wenyewe, kilomita moja tu.

"Ukikizima, sisi huku tunaona," akanijibu bila kuinua macho. "Kila ukikizima kinaandika. Na wanaoandikwa sana ndio wanaopunguzwa kwanza. Wewe una watoto, ama?"

Nilikuwa nao. Nikakizima mara nne tano hivi nikifika malkani, kisha nikaitwa ofisini kuulizwa kama nina tatizo la macho. Nikaacha kukizima. Nikawa ninaweka mguu juu ya breki tu, tayari, kila nikikaribia. Baada ya wiki kadhaa nikawa ninauweka nikikumbuka.

Siku moja, karibu na kijiji kilicho kabla ya malka, nilikuwa nyuma ya tuktuk iliyojaa magunia. Tuktuk ilipunguza, lori langu likapunguza, injini ikashuka sauti vizuri kabisa. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mtungi wa maji kichwani, alikuwa ukingoni. Alisikia, akatia mguu kwenye lami. Hapo hapo tuktuk ikakata kushoto kuingia kijijini. Lori likaona barabara tupu mbele yake, likavuta pumzi, likaondoka. Sikugusa kitu. Mguu wangu ulikuwa sakafuni. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na tulisimama nikiwa ninaona nyuzi za kanga yake.

Alinitukana matusi ambayo sikujua kwamba akina mama wa umri wake wanayajua. Alisema nimempa njia kisha nikamnyang'anya. Nilitaka kumwambia kwamba sikumpa. Nikaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, nikangoja avuke.

Usiku ule sikula. Nilijua nilichokiona. Kila mtu kandokando ya barabara ile alikuwa anavuka kwa kusikiliza, na kitu walichokuwa wakikisikiliza hakikuwa tena na mtu ndani yake. Lori lilikuwa linashusha sauti kwa sababu ya gari la mbele, si kwa sababu yao. Halikuwaahidi chochote. Nilijua pia ni nani anayevuka kila siku, na ng'ombe wangapi, na kwamba akishaingia barabarani anageuza mgongo. Nikaamua nitamwambia siku ya mnada. Ilikuwa imebaki siku mbili.

Nilimkuta kwenye hoteli ya chai iliyo nyuma ya zizi la mnada. Alikuwa na wazee wawili wa kwao na mdogo wake. Aliponiona alisimama, jambo ambalo hakuwa analifanya, akanishika mkono akanikalisha kando yake.

"Huyu ndio mimi nasema," akawaambia kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Malori nyeupe. Huyu peke yake, mimi bado kuinua fimbo, yeye ameshapunguza. Mbali! Kutoka kule kwa mti. Wengine napita kama kichaa. Huyu mtu wa mto naona mimi."

Wale wazee walinitazama. Mmoja alinisogezea kikombe chake cha chai, ambacho alikuwa hajakigusa.

Chini ya ule mti anaousema kuna njia ya kuingia mashambani. Magari mengi hupunguza pale ili yakate kona. Lori langu lilikuwa likipunguza nyuma yao. Wakati mwingine gari la mbele lilikuwa likichelewa kukata, na yeye anapata nafasi, na ng'ombe wanavuka, na mimi kwa kuona ameshaingia ninakanyaga breki na kusimama kama mtu mwema. Yeye alikuwa ameyahesabu hayo yote kuwa heshima yangu kwake. Alikuwa amewaambia watu.

Ningesema pale. Maneno yalikuwa machache: si mimi, ni gari, usigeuze mgongo. Lakini wale wazee walikuwa wanatoka upande wa watu ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kumsogezea mtu wa kwetu kikombe, na mimi, mpumbavu, nilikuwa nimevimba kwa raha. Nilikunywa ile chai. Nikasema, "Ndugu yangu, wewe nitakuacha vipi ukingoni?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisema kitu kingine, na sikusema.

"Umesikia?" akamwambia mdogo wake. "Lori nyeupe nashusha sauti, wewe ingia. Usiogope."

Ilitokea kama mwezi mmoja baadaye, alasiri, jua kali, barabara inaonekana hadi mwisho. Nilikuwa wa kwanza katika malori manne. Mbele yangu palikuwa na pikapu iliyobeba miche ya maembe. Nilimwona rafiki yangu kutoka mbali, amesimama mahali pake, na fahali wake mwekundu nyuma yake, yule aliyekuwa akiwaongoza wengine. Ng'ombe walikuwa wamekonda mpaka unaweza kuhesabu mbavu. Pikapu ilipofika kwenye mti ilipunguza. Lori likapunguza. Injini ikashusha sauti.

Aliingia. Akainua fimbo. Nami niliinua mkono.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mkono wangu ulikuwa juu, ninamsalimu mtu aliyekwisha kugeuka, na mguu wangu ulikuwa umekunjwa chini ya kiti. Nilikuwa ninatabasamu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mimi.

Pikapu ikakata kona. Lori likavuta pumzi.

Kutafuta breki kwa mguu uliokunjwa kunachukua muda ambao siwezi kuueleza. Kilio cha onyo kililia ndani, na lori lenyewe lilianza kufunga breki pamoja nami, hilo sitalinyima; lilijitahidi. Lakini lilikuwa limebeba kokoto. Nilipiga honi, na yeye hakugeuka, kwa sababu tangu lini mtu aliyepewa njia akageuka kwa ajili ya honi? Fahali ndiye aliyeona. Alitoka mbele, akajiweka kati yetu au alitishika tu, sijui. Nilimgonga yeye, naye akamwangukia rafiki yangu.

Nilishuka. Fahali alikuwa amekufa, na chini yake rafiki yangu alikuwa hai, mguu wake wa kulia umekaa upande ambao mguu haukai. Malori matatu nyuma yangu yalikuwa yamesimama vizuri, nafasi sawa, hakuna hata moja lililogusana na jingine. Vijana walitokea nyikani, wengi, na fimbo. Wakanizunguka. Nilijua wanachokiona: mtu wa mto, lori, fahali wa watu na ndugu yao chini. Sikukimbia.

Yeye ndiye aliyesema. Alisema kwanza kwa lugha yao, kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa Kiswahili polisi walipofika, ili iandikwe.

"Huyu acheni. Huyu ametoa njia. Mimi mwenyewe nasikia ameshusha sauti. Ni makosa ya fahali, alichelewa."

Fimbo zikashuka. Mmoja wa wale vijana akaniletea maji.

Na lori nalo lilinitetea. Watu wa kampuni walichomoa kitu ndani yake, wakakisoma, na msimamizi akanipigia simu kwa furaha: mwendo halali, umbali salama, breki zilifungwa kwa wakati, dereva hana kosa. "Uko sawa kabisa," akasema. "Pumzika wiki moja urudi." Nilikaa kwenye kitanda changu nikiwaza kwamba nimeshuhudiwa mara mbili, na mashahidi wote wawili ni waaminifu, na ni mimi tu ninayejua. Yeye alisema nilitoa njia. Lori lilisema halikufanya kosa. Hakuna aliyekuwa amedanganya ila mimi, juu ya kikombe cha chai.

Siku sita nilikaa hivyo. Mke wangu alidhani ni mshtuko, akawa ananipikia uji. Siku ya saba nilikwenda kumwona. Walikuwa wamemtoa hospitali na kumrudisha kwake, na plasta kutoka kwenye kidole hadi kwenye paja. Nilikwenda kwa bodaboda. Tulipita malkani tukiwa nyuma ya lori moja jeupe, na mwenye bodaboda akasema hizi gari siku hizi zina adabu, zinapunguza zenyewe.

Mke wa rafiki yangu aliniletea maziwa. Yalikuwa kidogo, chini ya kikombe tu, kiangazi chote kilikuwa ndani ya kikombe kile. Rafiki yangu alikuwa ameegemea magunia mlangoni, uso wake umeingia ndani. Alifurahi kuniona na hilo likanimaliza nguvu.

"Ng'ombe wako na nani?" nikauliza.

"Mdogo yangu. Yeye napeleka. Mimi naambia yeye kila asubuhi: usiogope, ile siku bahati mbaya. Malori nyeupe haina shida."

Nilitazama jua. Ilikuwa alasiri, saa ile ile.

"Saa hizi yuko wapi?"

"Saa hizi?" Alipima kwa kutazama kivuli cha nyumba. "Saa hizi iko kwa lami."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuzunguka, na yote yaliniruka.

"Sikupunguza mimi," nikamwambia. "Ile siku. Na siku nyingine zote. Lori linapunguza lenyewe likiona gari mbele. Halikuoni wewe. Gari la mbele likiondoka, linaongeza mwendo lenyewe. Nilijua. Nilijua kabla ya siku ile ya chai."

Mke wake, aliyekuwa akipepeta kitu uani, aliacha kupepeta.

"Siku zote?" rafiki yangu akauliza.

"Siku nyingi. Siku zingine nilisimama, lakini ni baada ya wewe kuingia."

"Na mkono? Mimi sioni, lakini watu nasema wewe nainua mkono."

"Mkono ulikuwa wangu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kukubali uzito wa mzigo kabla hajauinua. Nilitaka anitukane. Yule mama wa mtungi alinitukana na nikapona. Yeye aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi, na nilijua kwamba anarudi nyuma, alasiri moja baada ya nyingine, akihesabu kila mara aliyonipa mgongo.

Kisha akakumbuka jua. Nilimwona akikumbuka. Alinyoosha mkono akatafuta simu kati ya magunia, akabonyeza.

Ililia sana. Ililia mpaka ikakata. Akabonyeza tena, na mara ya pili mdogo wake akapokea, na hata mimi nilisikia kwenye simu ng'ombe na kwato juu ya lami. Waliongea kwa lugha yao. Rafiki yangu alifunga macho.

"Yeye nasema nusu wameshavuka," akaniambia. "Nasema lori moja nyeupe amewapa njia mzuri sana, na sasa imepita. Nasema wewe ukiwa hapa, nikwambie asante, wewe na wenzako."

Kisha akaninyooshea simu. "Wewe sema," akasema. "Ile uliniambia mimi, mwambie yeye. Akisikia kwangu, ataona ni maumivu nasema."

Nikaichukua. Nikamwambia mdogo wake yote, haraka haraka, bila salamu. Nikamwambia asigeuze mgongo tena, si kwa lori, si kwa gari dogo, si kwa chochote, asisikilize injini, atazame kioo mpaka aone uso wa mtu na uso umwone. Kwenye simu ng'ombe waliobaki walikuwa wanalia kwa kiu, na nyuma ya ng'ombe, mbali, kutoka upande wa ule mti, nilisikia lori likija.

Nililisikia likishusha sauti. Ilishuka vizuri, polepole, sauti ile niliyofundishwa nikiwa kijana kwenye lori la ndizi.

"Hii," akaniuliza, "hii nayopunguza sasa, ni mtu ama ni gari?"

Rafiki yangu alikuwa ananitazama. Mke wake amesimama mlangoni na ungo mkononi. Mimi ni dereva, nimeendesha barabara ile maisha yangu yote, na nilibana simu sikioni nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, na sikujua.